Kivumishi Bila Kuliko

Nilisikia kijiko kabla sijamwona mwenye kijiko. Kilikuwa kikigonga kikombe cha bati, pigo moja kwa kila neno, na juu ya mapigo hayo sauti za watu wazima zilikuwa zikiimba kitu nisichokielewa: fortior, fortior, fortius, fortioris, fortioris, fortioris. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi, ndani ya duka la nati na bolti katikati ya mji wa Nakuru. Mwenye duka, Mhindi mzee aliyevaa sweta mbili, alikuwa akipima misumari. Alinionyesha juu kwa kidevu.

"Panda tu," akasema. "Kijiko ikinyamaza, ujue kuna mtu amekosea."

Kilinyamaza nikiwa katikati ya ngazi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumjua Mwalimu wa Kilatini. Nilikuwa nimekwenda kwa shida ya siku moja. Nilikuwa naandika riwaya, na ndani yake kulikuwa na bibi anayesali kwa Kilatini alichokariri utotoni, na nilitaka mtu anisahihishie sala mbili. Riwaya ile ilikufa. Kwa Mwalimu nilikaa miaka.

Alikuwa mrefu, na urefu wake aliubeba kama mzigo wa mtu mwingine, akiinama chini ya kila kibao cha duka hata kisichomkaribia. Koti lake la kijivu lilikuwa na mfuko wa chaki na mfuko wa avokado, na sijawahi kumwona akikosea mfuko. Zamani aliingia seminari, akatoka kabla ya upadri kwa sababu ambayo hakuisema na hakuna aliyethubutu kuiuliza, kisha akarudi hukohuko kama mwalimu wa kawaida mwenye mke. Somo lake lilipofutwa, alihamishia darasa juu ya duka la nati na bolti, kila Jumamosi asubuhi, kwa yeyote atakayepanda ngazi.

Waliopanda hawakuwa wengi. Kulikuwa na karani wa wakili mmoja wa mjini, kijana mcheshi mwenye tai iliyokaa upande. Kulikuwa na vijana wawili waliotaka kuwa watawa, ambao walikaa pamoja, wakaelewa pamoja na kukosea pamoja. Na kulikuwa na Mama wa Maua, aliyesimamia nyumba za plastiki katika shamba moja la maua Naivasha, na aliyekuja akiwa ameandika majina ya mimea kwenye kiganja kwa kalamu ya wino.

Mwalimu alikuwa na mada anazozipenda kama watu wengine wanavyopenda timu. Aliyoipenda mno ni vivumishi vya kulinganisha. Angeweza kuvifundisha Januari, akavirudia Machi, na tukifika Juni tukiwa kwenye vitenzi angetafuta kisingizio cha kuvirudia tena.

"Kilatini hakina neno 'zaidi' la kubandika pembeni kila mara," alikuwa akisema. "Ukitaka kusema mtu ana nguvu zaidi, unaingia ndani ya neno lenyewe. Unakata mkia wa fortis, unaweka -ior. Fortior. Mwanamume fortior, mwanamke fortior, koti moja wanavaa wote wawili. Kitu tu ndicho chenye koti lake: fortius."

Kisha akaja kwenye mtego, na hapo sauti yake ilishuka kama mtu anayeonyesha shimo barabarani. Fortis, kabla ya kulinganishwa, hupenda irabu i: wingi wake wa umiliki ni fortium, na vitu vingi vyenye nguvu ni fortia. Mwanafunzi anayaona hayo, halafu anaona fortior, anadhani ni mtoto wa nyumba ileile, anaandika fortiorium. Kijiko kinanyamaza.

"Kivumishi kikishaanza kulinganisha," alisema, "kinahama kwao. Kinatembea kama nomino. Fortiore, fortiora, fortiorum. Ile i ya nyumbani hakirudi kuichukua."

Karani aliinua mkono. "Sasa Mwalimu, mbona wakili wangu akitaka kusema 'sembuse' kortini husema a fortiori? Si hapo ilifaa iwe fortiore?"

"Mwambie wakili wako amekula i ya watu."

"Nimwambie hivyo mimi? Si nitafutwa!"

"Basi mwambie amekula kwa heshima. Wamekula wengi kabla yake, na wengine walikuwa watakatifu."

Tulicheka. Lakini wiki hiyohiyo nilimsikia akigombana na mwenye duka kuhusu paa linalovuja, na nilipokuwa nashuka ngazi nikamsikia akisema waziwazi: kama paa la mbwa halivuji, basi a fortiori la binadamu. Alikuwa hivyo. Sheria zake zilikuwa kali hadi pale alipokasirika, na alipokasirika aliongea kama watu wote.

Siku aliyofurahi kuliko zote nilizomwona darasani ililetwa na kiganja cha Mama wa Maua. Alikuwa ameandika majina mawili. "Mwalimu, hii moja wanaiita majus, na ile ingine ni major. Zote nasikia ni 'kubwa zaidi.' Nani alikosea spelingi?"

Mwalimu aliweka kijiko chini. Akakitazama kile kiganja kama mtu anayetazama picha ya mjukuu. "Hakuna aliyekosea," akasema. "La kwanza jina lake ni la jinsia ya kati, kwa hiyo linavaa -us. La pili jina lake ni la kike, linavaa -or. Mama, unaelewa? Huko Naivasha, ndani ya karatasi ya plastiki, ua linafuata kanuni kuliko mawakili!" Akatuachia mapema, akashuka, akatununulia wote mahindi ya kuchoma.

Nimetumia kuliko, na ni kwa ajili yake. Sisi watu wa huku bara hatulitumii sana neno hilo. Sisi husema kushinda. Nakuru ni baridi kushinda Naivasha. Mkate wa jana ni mgumu kushinda wa leo. Huyu ni mrefu kushinda yule, hata kama yule hajui kama kuna mashindano. Mwalimu hakuweza kulivumilia. Karani alipotafsiri fortior kuwa "mwenye nguvu kushinda," aliulizwa mechi ilichezewa uwanja gani.

"Kulinganisha si kupigana," Mwalimu alisema. "Ukisema kuliko, wote wawili wamesimama. Ukisema kushinda, mmoja ameanguka."

Sokoni walimjua kwa hilo. Muuza avokado, mama mnene mwenye sauti ya kuita treni, alikuwa akimwona tu anaanza: "Mwalimu! Leo ziko tamu kuliko!"

"Kuliko nini, mathe?"

"Kuliko! Si ulisema niseme kuliko? Nimesema. Nunua."

Naye alinunua, akitikisa kichwa, akiwa na furaha ambayo alijaribu kuificha kwenye mfuko usio wa chaki.

Pamoja na mapenzi yote hayo ya kulinganisha, watu hakuwalinganisha. Karani alipomuuliza kwa utani ni nani kati yetu aliye bora zaidi, alijibu kuwa bado hajatuhesabu. Alirudisha mazoezi yetu kwa mpangilio aliouchanganya makusudi, ili asiwepo wa juu wala wa chini. Alilinganisha viazi, mvua, chai za hoteli mbalimbali, hata paka wawili wa mwenye duka, lakini mwanadamu alimwacha katika hali yake ya kwanza, kama kivumishi ambacho hakijaguswa. Niliuona kama upole. Siku hizi sina hakika.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aitwaye Nekesa, fundi mitambo katika kituo cha umeme wa mvuke kule upande wa Naivasha. Na katika mwaka wa mwisho niliosoma kwake, Nekesa hakuwa akimsemesha baba yake. Hakupokea simu zake, hakujibu ujumbe wake, hakuja Lanet alikoishi mzee peke yake na macho yanayoingia ukungu. Sababu ilikuwa herufi nne.

Niliziona siku zilipofunuliwa, kwa hiyo naweza kueleza.

Mwalimu alioa mara mbili. Mke wa kwanza, mama yake Nekesa, alifariki Nekesa akiwa shule ya msingi, akazikwa nyumbani kwao Mwalimu, huko magharibi. Juu ya kaburi lake Mwalimu aliweka jiwe la saruji lenye maneno mawili: CONIUGI CARAE. Kwa mke mpendwa. Alimfundisha binti yake maana yake, na mtoto akayakariri, akayabeba maisha yake yote kama jina la pili la mama yake.

Miaka michache baadaye alioa mwanamke wa Dundori, mkulima wa viazi na ng'ombe wa maziwa, ambaye hawakujaliwa mtoto naye. Huyu naye akatangulia. Mwaka ulipotimia tulipanda Dundori, wanafunzi wote, kwa ibada ya kufunua jiwe. Kulikuwa na ukungu na harufu ya udongo uliolimwa. Nekesa alikuja na gari la kazini, akasimama mbele kabisa karibu na baba yake, akiwa amemshika mkono wa koti. Padri kijana akaondoa kitambaa. Jiwe lilikuwa zuri, jeusi, na maneno yalikuwa mawili: CONIUGI CARIORI.

Nilimwona Nekesa akisoma. Neno la kwanza alilijua. La pili alilijua nusu: C, A, R. Baada ya hapo kulikuwa na herufi nne ambazo mama yake hakupewa.

"Padri," akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "hii cariori ni nini?"

Padri alikuwa kijana mwema na alitaka kusaidia. "Ni mke aliyependwa kushinda," akasema.

Watu wa Dundori wakaguna kwa kuridhika, maana marehemu alikuwa wao. Nekesa akaachia ule mkono wa koti.

"Kushinda nani, Baba?"

Mwalimu angeweza kusema jambo lolote. Alisema hivi: "Kwanza, si kushinda. Tafsiri hiyo si sahihi." Na hapo, mbele ya kaburi, mbele ya shemeji zake na kwaya, akaanza kueleza kwamba Kilatini huruhusu kivumishi cha kulinganisha kusimama peke yake, bila kuliko. Kikisimama hivyo hakilinganishi na yeyote. Humaanisha tu kupita kiasi. Si mpendwa kuliko fulani, ni mpendwa kupita kiasi cha kawaida. Akatoa mifano. Kuhusu mvua. Kuhusu wazee. Alikuwa kwenye mfano wa tatu gari la Nekesa lilipowaka.

Sarufi yake ilikuwa sahihi. Nililichunguza jambo hilo baadaye na sikupata kosa. Kivumishi cha kulinganisha kinaweza kweli kusimama bila kuliko. Ila mtu aliyeandika carae kwenye kaburi moja na cariori kwenye kaburi la pili hawezi kusema hayo mawili hayajaonana.

Nitasema nilichojua juu ya wake hao. Wa kwanza sikumkuta. Mwalimu alimzungumzia kwa sentensi zilizonyooka, zenye mwanzo na mwisho. Alikuwa mwanamke mwema. Alikuwa na subira. Familia zao zilijuana, na yeye alikuwa ametoka seminari na watu walitaka aoe upesi kabla maneno hayajaenea. Hakuwahi kusema jambo baya juu yake, na hakuwahi kusema jambo la kuchekesha.

Wa pili nilimkuta. Alikuwa akishuka mjini siku za Jumamosi na gunia la viazi kwa ajili ya hoteli, halafu anapanda kwenye darasa letu kupumzisha miguu. Hakujua Kilatini hata neno moja na alimwita mumewe Padri.

"Padri, viazi kwa Kilatini ni nini?"

"Hawakuwa na viazi."

"Hawakuwa na viazi!" Akatugeukia. "Mnasikia? Na mmekaa hapa mkisema walikuwa watu wakubwa. Walikuwa wanakula nini, hewa?"

"Walikula maharagwe. Ngano."

"Ndiyo maana walikwisha."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kijiko kilianguka na hakukiokota. Sikumwona akicheka hivyo kabla wala baada. Yeyote aliyekuwa chumbani humo siku hiyo asingehitaji jiwe.

Baada ya Dundori, Mwalimu aliyekuwa akichukia simu alianza kuiweka mezani wakati wa darasa, kioo kikitazama juu. Macho yake yalikuwa yameanza kushindwa, kwa hiyo alinipa mimi nimsomee ujumbe aliouandika kabla hajautuma. Wote ulikuwa na nukta na mikato yake. Wote ulikuwa juu ya kivumishi kisicho na kuliko.

"Mwalimu," nikamwambia siku moja, "mwandikie tu kwamba umemkumbuka."

"Hilo analijua."

"Analijua kutoka wapi?"

Akaniomba niongeze mkato baada ya neno kiasi.

Mara ya mwisho nilipowaona pamoja ilikuwa Lanet, alasiri ya mvua. Nilikuwa nimezoea kwenda kumsomea gazeti, kwa sababu sasa aliona mwanga na vivuli tu na kliniki ya macho aliiahirisha kila mwezi kwa visingizio vipya. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, ndogo, imebanwa na maghorofa mapya pande zote mbili. Tulikuwa kwenye ukurasa wa mashauri ya mashamba niliposikia buti kibarazani.

"Hodi."

Mwalimu alisimama kabla ya kujibu, akigonga meza kwa goti. "Karibu," akasema. "Karibu, karibu."

Nekesa aliingia na nguo za kazi, kofia ngumu mkononi, buti zimeshika vumbi jeupe lililogeuka uji kwa mvua. Hakukaa. Niliinuka ili niende jikoni.

"Kaa, mwandishi," akaniambia. "Ukitoka huyu ataanza kunifundisha."

Nikakaa.

"Baba, fundi amenipigia simu."

"Fundi yupi?"

"Usiniulize yupi. Fundi wa nyumbani. Ananiambia mzee wako amenituma kwa kaburi ya mamako, nitoe herufi mbili, niweke nne. Ananiuliza kama ni kweli ama mzee ameanza kuzeeka vibaya."

Sikuwa nimejua jambo hilo. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameketi tena, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"A na E zinazibwa kwa saruji," akasema taratibu. "Halafu anachonga I, O, R, I. CAR inabaki kama ilivyo. Nilitaka yalingane."

"Yalingane."

"Yote mawili yawe cariori."

"Kwa hivyo huyu amependwa kushinda yule, na yule amependwa kushinda huyu." Nekesa aliweka kofia juu ya gazeti. "Hiyo ni hesabu ya wapi, Baba? Hata mimi nafanya kazi na mashine, hiyo haiwezi kuzunguka."

Nilikaribia kucheka, na nadhani naye alikaribia. Pengine hapo ndipo mambo yangeweza kulainika yenyewe. Lakini Mwalimu, bila hata kufikiri, kama mtu anayepangusa vumbi begani, akasema:

"Kuliko. Si kushinda."

Nekesa alimgeukia.

"Hata saa hii?" akasema.

Mvua ilikuwa kubwa juu ya mabati ya jikoni. Mwalimu akaanza, na sauti ilikuwa ileile ya juu ya duka: "Kivumishi kikisimama peke yake, mama, kinakuwa hakina—"

"Baba. Mimi sikuja darasani. Nimeendesha kutoka Naivasha kwa mvua. Nakuuliza na Kiswahili, ile mbaya, yetu. Huyo mama wa Dundori ulimpenda kushinda mama yangu?"

Aligeuza uso upande wangu, ingawa hakuweza kuniona vizuri. Najua alichokuwa akitafuta. Alitaka mtu aseme kwamba swali halijakaa sawa, kwamba limekosa sehemu, kwamba lirudiwe. Nilitazama kofia ya Nekesa.

"Ndiyo," akasema. "Nilimpenda kushinda."

Alilisema neno hilo bila kulisahihisha.

Nekesa akavuta kiti, akakaa. Alivua glavu moja, kisha ya pili. Alipoongea, hasira ilikuwa imemtoka sautini, na kilichobaki kilikuwa uchovu wa barabara.

"Nilijua, Baba. Nilijua kitambo. Nilikuwa nakuja likizo nawaona mkicheka jikoni, na nikajua huyu mzee mbele yangu hajawahi kucheka hivi na mama. Sikukasirika. Nilikuwa mtoto lakini si mjinga. Hata nilimpenda huyo mama, alikuwa akinipa maziwa ya kwanza kabla ya wateja." Akaweka glavu mezani. "Kitu ilinichoma ni kuambiwa ni sarufi. Mbele ya watu. Kama ungesema ndiyo pale pale, ningelia nikarudi kwa gari nikalia tena, na Jumapili ningekuja."

"Sikuwa najua kusema."

"Wewe? Na Kilatini yote hiyo?"

"Kwa Kilatini nilisema," Mwalimu akajibu. "Nililiandika kwenye jiwe. Nilidhani hakuna atakayesoma."

Hapo Nekesa alicheka, kicheko kifupi kupitia puani, na akajipangusa uso kwa mkono wa ovaroli.

"Na mama?"

"Mama yako nilimpenda." Alilisema polepole, akipima. "Nilipoandika carae sikuandika ili kujaza nafasi. Lilikuwa kweli siku ile. Leo pia."

"Basi usiguse."

"Sitagusa."

"Mpigie fundi umwambie wewe mwenyewe. Sitaki kusikia habari ya saruji tena."

"Nitampigia."

"Sasa. Si kesho."

Nikampa simu, nikambonyezea jina. Alimwambia fundi maneno machache, kwa lugha ya kwao, na kupitia simu nikamsikia fundi akishukuru Mungu. Nekesa alikuwa ameshasimama. Aliinua vikombe vyetu akavitazama kwenye mwanga wa dirisha, akavipeleka jikoni, na tukamsikia akiviosha upya na kulalamika juu ya sufuria. Aliporudi alisimama mbele ya baba yake, akanyoosha vidole mbele ya uso wake.

"Ngapi?"

"Usinifanyie hivyo."

"Ngapi, Baba?"

"Sioni vidole. Naona mkono."

"Kliniki walikuambia lini?"

"Walisema wakati wowote nikiwa tayari."

"Jumatatu uko tayari. Nitachukua ruhusa. Uvae ile shati nyeupe na usianze kumfundisha daktari majina ya macho."

"Hayo ni ya Kigiriki mengi," akasema, na Nekesa akamwinulia kidole ambacho hakukiona.

Alivaa glavu. Akachukua kofia, na gazeti likabaki na alama ya duara lenye maji juu ya mashauri ya mashamba. Kwangu alisema tu, "Mwandishi, umalizie kumsomea," kisha akaelekea kibarazani. Mwalimu alisikia buti zikisogea, akapapasa ukutani kutafuta fimbo, akainuka na kuanza kuvaa koti. Hatumwachi mtu aliyetutembelea aondoke peke yake. Tunamfikisha getini, hata mvua iwe namna gani, na tunasimama pale mpaka atokomee. Alikuwa ameingiza mkono mmoja kwenye koti, wa pili ukimkwepa.

Nekesa aligeuka akamwona.

"Unaenda wapi?"

"Nakusindikiza."

"Kaa chini, Baba. Kuna baridi." Alivaa kofia, akaifunga kidevuni. "Kwani mimi ni mgeni?"

Akatoka, akavuta mlango nyuma yake hadi ukajifunga.